Paa la Mgeni Rasmi

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita tulimwacha Katibu mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mdomo wazi. Mtu hawezi kusimama hivyo wiki mbili. Tumwingize.

Alikuwa amekuja kumfundisha mzee mmoja kutabasamu. Umesoma sawasawa, msomaji. Klabu ya Mkono Mwema haimkabidhi mtu msaada mpaka ihakikishe kwamba ataupokea kwa uso wa kupendeza, na kazi hiyo ni ya katibu. Siku za kawaida mama huyu ni msusi, ana saluni yake yenye viti viwili na kioo kimoja. Lakini akishavaa fulana ya njano iliyoandikwa "Tunatoa, Tunatabasamu", huwa mtu wa jamii.

Basi akaingia, akatazama juu, akaona mawingu. Nyumba haikuwa na paa. Akatazama mbele, akaona kitanda, na kwenye kitanda, chini ya mwavuli uliofungwa kwa kamba, akamwona baba yake mzazi.

Baba ambaye hawajasemezana tangu siku alipoolewa. Baba aliyehama mtaa bila kumwambia.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Aliisoma ile fulana herufi kwa herufi, kama askari anayekagua leseni.

"Ahaa. Na wewe umo," akasema. "Mnatoa na kutabasamu. Kutoa mmeshatoa, mmetoa paa langu. Sasa umekuja kutabasamu?"

"Baba, sikujua ni kwako. Haki ya Mungu sikujua."

"Ungejuaje? Mimi sina binti na wewe huna baba, tulishamaliza hayo. Sema ulichotumwa, Bi Katibu, kisha unifungie mlango. Mlango bado ninao."

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha mtu aliyelala nje siku kadhaa, na Katibu alikihisi kifuani mwake mwenyewe.

Mtaani wanamwita Mzee Breki. Ameendesha malori maisha yake yote, na wenzake husema hakuwahi kurudi nyuma hata pale njia ilipokuwa imekwisha. Kwa binti yake alikuwa hivyo hivyo. Aliposikia kwamba mchumba ni fundi wa kuezeka nyumba, alisema hamtaki, hataki hata kuiona sura yake, na mtu huyo hatatia mguu nyumbani kwake. Sura hakuiona, na mguu haukutiwa. Binti naye, ambaye kichwa chake kilitoka kiwanda kilekile, akaolewa.

Sasa utauliza, paa lilikwenda wapi? Hapo ndipo utakapoipenda klabu yetu.

Mlengwa halisi alikuwa Bibi Maua, mjane wa nyumba ya jirani, ambaye paa lake huvuja mpaka ndani ya sufuria. Mpiga Picha wa klabu alitumwa kwenda kuipiga nyumba yake picha ya "kabla", maana klabu haigusi kitu kisicho na picha ya "kabla" na picha ya "baada". Alipofika akakuta tatizo. Bibi alikuwa na maua mekundu mlangoni, na ukuta wake ameusugua ukang'aa. Nyumba haikusikitisha hata kidogo. Mpiga Picha ni msanii, hawezi kufanya kazi katika mazingira ya namna hiyo. Akageuka, akaona ubavu wa nyumba ya pili: plasta imebanduka, ndoo iliyopasuka imekaa vizuri kabisa kwenye mwanga. Akapiga hiyo.

Jumamosi wanachama wakaja na picha mkononi. Hakuna aliyeuliza jina, hakuna aliyebisha hodi. Picha inasema nyumba hii, basi ni hii. Mwenye nyumba alikuwa zahanati na kifua chake. Wakapanda wakiimba, madaktari wa meno na mameneja wa benki, wakaezua bati moja baada ya jingine. Mabati yalikuwa mapya, hayana hata tundu la sindano.

"Maskini wa siku hizi wanajitahidi," mmoja wao akasema, na kazi ikaendelea.

Mzee aliporudi akakuta nyumba yake imefunuliwa kama sufuria, na mabati yake yameshapakiwa kwenye gari la vyuma chakavu. Akapiga kelele zote alizokuwa nazo. Wanachama wakampigapiga begani, wakamwambia atulie, shukrani zake zimepokelewa. Mpiga Picha akaipata ile sura ikiwa imeachama mdomo, na mpaka leo ipo kwenye ukurasa wa klabu, chini yake pameandikwa: "Mzee akishindwa kuzuia furaha yake."

Katibu siku hiyo alikuwa saluni akimpamba bibi harusi. Hakuona kitu, wala ule ukurasa hakuwa ameufungua.

Paa jipya lilikuwa lipigwe jioni ileile mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akapata udhuru, akasogeza mpaka Jumatano. Na paa nalo, kwa heshima yake, likasogea.

"Twende kwangu, baba," Katibu akasema. "Mpaka Jumatano tu."

"Sihami."

"Mvua inakuja. Huyaoni mawingu?"

"Nayaona. Mmenifungulia niyaone." Mzee akajigeuza, akaelekea ukutani. "Ikija nitaipokea kwa tabasamu. Si ndilo ulilokuja kunifundisha?"

Katibu akatoka mbio.

Mwenyekiti wa klabu ana duka la vifaa vya ujenzi, na ofisi yake iko nyuma ya mifuko ya saruji. Huko alimkuta akijipima tai ya kesho yake mbele ya kioo cha bafuni kilichokuwa kinauzwa.

"Mwenyekiti, tumeezua nyumba siyo!"

"Taratibu." Akaenda kuufunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Bibi Maua anajua, maana paa lake bado linavuja. Na mwenye nyumba anajua, maana analala akihesabu nyota."

"Wawili tu? Basi hilo halijawa tatizo."

"Mabati yapo stoo hapo. Naomba yakapigwe leo hii."

"Leo? Bila mgeni rasmi?" Akamtazama kwa huruma ya mtu mzima kwa mtoto. "Katibu, paa bila mgeni rasmi ni bati tu."

"Mzee anaumwa kifua!"

"Vizuri." Akajisahihisha. "Nina maana, vizuri kujua. Itaingia kwenye hotuba." Kisha uso ukamsawijika. "Ila wafadhili wameambiwa tunamwezekea mtu asiye na mtu. Bibi Maua hana mtu. Huyu mzee ana mtu?"

Hapo Katibu angeweza kunyamaza, na hadithi hii ingeishia hapo, sote tukalale. Hakunyamaza.

"Ana binti," akasema. "Ni mimi."

Mwenyekiti aliketi juu ya mfuko wa saruji na suruali yake nyeusi. Alifikiri kwa bidii, na kwa kuwa hakuzoea, ilionekana usoni.

"Mnaongea, wewe na yeye?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

"Basi tumepona!" Akaruka juu, vumbi likaruka naye. "Binti asiyesemezana na baba ni kama hayupo! Sikiliza. Kesho wasifu wa mzee utausoma wewe, kwa hiyo sauti yako nzuri. Mzee mpweke, hana mtoto wala mjukuu. Ukisoma hivyo, paa linapanda: nusu asubuhi, nusu mbele ya mgeni, ili tupate picha ya katikati. Ukikataa, mabati yanakwenda kwa Bibi Maua, na baba yako aendelee na nyota zake."

"Mwenyekiti, huo ni uongo."

"Ni hotuba," Mwenyekiti akasema, akarudi kwenye kioo.

Nyumbani, mume wake alikuwa mezani anakula. Ndiye fundi aliyepangiwa kupiga mabati hayo. Klabu ilimchagua kwa sababu moja ya kitaalamu: mke wake ni mwanachama, kwa hiyo atafanya bure.

"Nyumba utakayoezeka kesho," Katibu akamwambia, "ni ya baba."

"Baba yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Fundi akaacha kutafuna. "Yule aliyesema sitatia mguu nyumbani kwake?"

"Huyohuyo."

"Basi sitatia. Nitakaa juu." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu mke wake alikuwa hacheki. Akamsimulia yote. Fundi akasukuma sahani pembeni. "Kwa hiyo utasimama mbele za watu useme hana mtoto?"

"Nikisema, atalala pakavu. Nisiposema, mvua itamuua. Niambie, mume wangu, wewe ungefanya nini?"

Katibu alilia palepale mezani, kwa sauti, bila kujificha. Alikuwa amemkasirikia baba yake miaka yote hiyo, na sasa hasira alikuwa anaitafuta haioni. Mume wake alimshika mkono mpaka akanyamaza, kisha akaenda kuchambua misumari, akatupa yote iliyopinda.

Jumatano ikafika. Mawingu nayo yakafika, mapema kuliko mgeni rasmi.

Nje ya nyumba ya mzee palisimikwa turubai kubwa la wageni, imara, halipitishi tone. Lilikuwa ndilo paa pekee lililokamilika upande ule wa mtaa. Nyuma yake, nusu ya nyumba ilikuwa imekwishaezekwa tangu asubuhi, na juu ya mbao za nusu iliyobaki alikaa Fundi, nyundo mkononi, akisubiri kuambiwa lini aanze kuwa katika picha.

Mzee Breki aliwekwa kiti cha mbele, amevalishwa fulana ya njano iliyombana tumbo. Kando yake aliketishwa Bibi Maua, aliyealikwa kuja kumpigia makofi jirani aliyepewa paa lake. Kabla wageni hawajaketi, Mwenyekiti alimwinamia mzee sikioni.

"Mzee, ukiulizwa, huna mtu. Ukiwa na mtu, mabati yanashuka. Tumeelewana?"

"Mimi huwa sielewani na watu," mzee akasema. "Ila nimekusikia."

Mwenyekiti akafungua hafla kwa kujishukuru. Akawashukuru na wengine, lakini kwa kifupi, maana muda ulikuwa mdogo. Halafu akamwita Katibu.

Katibu akashika kipaza sauti.

"Ndugu wageni, mzee wetu huyu ameendesha malori miaka mingi, amelisha miji asiyoishi. Leo hii..." Mwenyekiti akakohoa kikohozi cha onyo. Juu kwenye mbao, Fundi alikuwa amemkazia macho mke wake. "Leo hii yuko peke yake. Hana mke. Hana... hana mtoto wa kumtazama."

Watu wakaguna kwa huruma. Mpiga Picha akapiga.

Sasa mgeni rasmi, mtu mzito aliyekuwa anasinzia tangu wimbo wa kwanza, akaguswa. Na wakubwa wakishaguswa ndipo mambo huharibika. Aliinuka, akampokonya Katibu kipaza sauti, akamwinamia mzee.

"Pole sana, mzee wangu. Ni kweli huna hata mtoto mmoja?"

Hilo halikuwa kwenye ratiba. Mwenyekiti akanyanyuka nusu, akashindwa kuketi, akashindwa kusimama.

Fikiria, msomaji. Mzee hakutakiwa kutunga uongo wowote. Alitakiwa kurudia tu maneno aliyoyasema mwenyewe jana, tena bila kuombwa. Kutikisa kichwa tu, na paa ni lake.

Aliyatazama mabati. Akayatazama mawingu. Akamtazama yule mwanamke aliyesimama pale na karatasi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti.

"Ninaye mmoja," mzee akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Nilimfukuza mwenyewe, kwa kiburi changu. Ndiye huyo aliyekuwa anawasomea."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Maua peke yake ndiye aliyepiga, tena kwa nguvu.

"Huyu?" mgeni rasmi akauliza. "Si katibu wenu huyu?" Akamgeukia Mwenyekiti. "Kumbe mnaezekeana wenyewe kwa wenyewe, halafu mnaniita mimi nije kutia baraka!"

"Mheshimiwa, ngoja nikueleze..."

Mheshimiwa hakungoja. Tone moja lilikuwa limemdondokea begani alipotoka kwenye turubai. Mgeni aliyeletwa kushuhudia mtu akikingwa mvua alikimbilia garini kukinga suti yake, na gari likaondoka na mlango haujafungwa vizuri.

Mwenyekiti alibaki na kipaza sauti na jina lake lililokuwa linazama. Akachagua kuliokoa jina.

"Ndugu wananchi, tumedanganywa!" akanguruma. "Katibu huyu ameitumia klabu kumwezekea baba yake! Sisi hatukujua kitu! Klabu yetu ni safi! Mabati yashushwe sasa hivi, yapelekwe kwa mlengwa halali!"

"Muongo!" Katibu akapiga kelele. "Nilikwambia jana dukani kwako!"

Nani wa kumsikiliza? Fulana za njano zilikuwa zimeshapata kazi. Wanachama walikimbilia nyumba ya Bibi Maua na nyundo zao, tayari kumwezua katika mvua ileile ili wamwezeke kwa haki. Mpiga Picha akawatangulia kutafuta picha ya "kabla". Lakini bibi alifika mlangoni kabla yao, na ufagio.

"Paa langu linavuja, lakini lipo!" akawaambia. "Atakayelipanda atashuka bila meno!"

Wa kwanza kurudi nyuma alikuwa daktari wa meno.

Mvua ikaanza kweli. Mwenyekiti, maji yakimchuruzika kwenye tai, akaigeukia nyumba ya mzee.

"Fundi! Teremka! Na hayo mabati uteremke nayo!"

Fundi akapiga msumari.

"Nimesema teremka!"

"Nimekusikia, Mwenyekiti." Akapiga mwingine.

"Ngazi hiyo ni mali ya klabu!"

"Ichukue."

Mwenyekiti akaichukua. Aliibeba mwenyewe begani, akiyumba nayo matopeni, akaenda zake, na Fundi akabaki juu ya nyumba peke yake, analowa, akiburuta bati jingine kuliweka mahali pake.

Ndani, Katibu alikuwa amemwingiza baba yake na kusukuma kitanda upande ulioezekwa. Alivua ile fulana ya njano aliyoivaa juu ya gauni, akamkaushia mzee kichwa.

"Baba, ungetikisa kichwa tu," akasema. "Ungetikisa kichwa, sasa hivi ungekuwa na paa zima."

"Paa nilikuwa nalo miaka yote hii," mzee akasema. "Wewe ndiye nilikuwa sina."

Katibu akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaendelea kumkausha kichwa ambacho kilikuwa kimeshakauka zamani. Mzee akamwachia.

Juu yao nyundo iligonga, ikasogea, ikagonga tena. Sehemu ya wazi ilikuwa inapungua. Mzee akaitegea sikio.

"Nani huyo juu?"

"Ni fundi, baba."

"Najua ni fundi, macho ninayo. Nauliza ni nani." Akajiinua kwa kiwiko, akatazama mbao zilizokuwa zinatikisika. "Klabu nzima imekimbia matone. Yeye amenyang'anywa ngazi na bado anapiga, tena kwa mtu asiyemjua. Wanaume wa namna ile wameadimika." Akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ungenisikiliza mwanangu, mtu kama yule ndiye niliyetaka akuoe."

Katibu akaiweka fulana chini.

"Baba," akasema, "yule ndiye aliyenioa."

Juu, nyundo ikanyamaza.

Mzee Breki alilikodolea macho lile bati, na mvua ikilipiga. Kisha akashusha mguu mmoja kutoka kitandani, na wa pili, akanyoosha mkono.

"Nipe fimbo yangu. Nikamtafutie ngazi, atie mguu ndani."